Amepotea au Alipotea?

Anayeshuka kutoka kwenye matatu katika mtaa wa Komarock, mashariki mwa jiji la Nairobi, hakosi kuona vikaratasi vilivyobandikwa kwenye nguzo za umeme na kuta za vibanda. Kuna vya waganga, vya walimu wa masomo ya ziada na vya vyumba vya kupangisha. Mara kwa mara, baina ya hivyo, huwapo kimoja chenye picha ya mtoto. Maandishi yake hayabadiliki sana: jina, umri, nguo alizokuwa amevaa alipoonekana mara ya mwisho, nambari ya simu, na ombi kwamba yeyote mwenye habari apige ripoti katika kituo cha polisi kilicho karibu. Juu kabisa, kwa herufi kubwa, aghalabu huwa neno moja: AMEPOTEA.

Kikaratasi hicho hakidumu. Mvua ikikosa kukiharibu, cha mganga hubandikwa juu yake. Mara nyingi hapana hasara, kwani watoto wengi wanaotangazwa hivyo huonekana baada ya saa au siku chache, wakiwa wamepotea njia au wamekwenda kwa jamaa bila ruhusa. Makala haya yanawahusu wale wengine, ambao mwaka hupita, kisha mitano, kisha ishirini, na wazazi wao hawajui la kujibu wanapoulizwa habari zao.

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa isimu hufundishwa kwamba kiambishi -me- huonyesha tendo lililokamilika ambalo hali yake ingalipo. ‘Amelala’ maana yake yungali usingizini. ‘Alilala’ huenda ameshaamka na kwenda zake. ‘Amepotea’ ni habari ya leo. ‘Alipotea’ ni kisa. Mitaani, mabadiliko ya kutoka -me- hadi -li- hayatangazwi na mtu. Miezi ya kwanza jirani huuliza, “Mama, hajaonekana bado?” Mwaka wa pili huacha kuuliza, kwa kuona haya zaidi kuliko kwa kukosa huruma. Mwaka wa tano mpangaji mgeni huonyeshwa nyumba kwa kidole na kuambiwa, “Hapo ndipo mtoto wao alipotea zamani.” Ndani ya nyumba hiyo kitenzi hakijabadilika. Hoja inayotolewa hapa ni kwamba wenye nyumba ndio wenye sarufi sahihi, na kwamba jamii iliyowazunguka, kuanzia kituo cha polisi hadi ibadani, hukosea inapoikimbilia -li- kabla ya wakati wake.

Komarock si mtaa wa kale sana. Ulijengwa kwa awamu kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 na kampuni ya Kenya Building Society, iliyokuwa tanzu ya Housing Finance, kwa watu wa mishahara ya kadiri walioweza kununua nyumba kwa mkopo na kuulipa pole pole. Nyumba zilipangwa safu kwa safu zikitazamana, na watoto wakachezea nafasi iliyo katikati. Baadaye awamu ziliongezeka, magorofa ya kupangisha yakachipuka, Kayole ikasonga upande mmoja na Umoja upande mwingine, na Barabara ya Kangundo ikajaa magari. Wapangaji sasa ni wengi, na mpangaji wa Nairobi ni mtu wa kuhama. Kodi ikipanda huhama, maji yakikosekana huhama, kazi ikibadilika huhama.

Mzazi aliyepotelewa na mtoto hahami. Mtoto wa miaka minne au mitano hajui anwani. Analolijua ni lango, rangi yake, na duka lililo kando. Kuuza nyumba, hata mnunuzi akija na bei nzuri, ni kulibomoa daraja la pekee lililosalia. Ndivyo ilivyo na simu pia. Nambari iliyoandikwa kikaratasini haiwezi kuachwa, kwa kuwa laini isiyotumika kwa miezi kadhaa hupewa mtu mwingine. Waliopotelewa katika miaka ya 1990 waliandika nambari za simu za mezani ambazo leo hazipigiki tena. Hebu msomaji atafakari maana ya kujua kwamba mahali fulani pana mtu ambaye huenda angali anaikumbuka nambari isiyoita.

Kalenda ya nyumba kama hiyo ni watoto wa majirani. Rika la mtoto likiingia darasa la kwanza, mama huhesabu. Lilipokuwa likifanya mtihani wa KCPE, uliofanywa kwa mara ya mwisho mwaka wa 2023, alihesabu. Likifika miaka 18 na kwenda kupanga foleni ya vitambulisho, huhesabu. Picha ya kikaratasini haikui. Aliyepotea akiwa na miaka minne mwaka wa 2003 leo ni mtu mzima mwenye sauti ambayo wazazi wake hawajapata kuisikia, na huenda akapita mbele ya lango lile bila kutambuliwa. Mzazi analijua hilo, na ndiyo sababu huwatazama vijana barabarani kwa macho ya kupekua ambayo wasiojua huyaona kuwa ni ukosefu wa adabu.

Ndugu zake hukua katika ulinzi mkali. Hawatumwi dukani, hawalali kwa marafiki, na wanapopata jambo la kufurahia husita kidogo kabla ya kulionyesha. Baina ya mume na mke hutokea gumu zaidi, yaani mmoja wao kuanza kutumia -li- kabla ya mwenzake. Anayeibakiza -me- humwona mwenzake kuwa msaliti. Anayeiacha humwona mwenzake kuwa ameshindwa kuishi na watoto waliosalia. Hakuna aliyekosa kati yao, na hakuna mzee wa ukoo mwenye hukumu ya shauri kama hilo.

Hata serikali, inapokuja mlangoni kwa nia njema, huja na swali lisilo na jibu. Katika sensa za mwaka wa 1999, 2009 na 2019, usiku wa kuhesabiwa Wakenya ulikuwa wa kuamkia tarehe 25 Agosti, na karani alitaka kujua waliolala nyumbani usiku huo. Kwa wanawake palikuwa na maswali zaidi kuhusu watoto waliowazaa: wangapi wanaishi naye, wangapi wanaishi kwingine, wangapi wamefariki. Kwa wengi hii ni hesabu nyepesi ya kujumlisha. Kwa mama wa mtoto asiyejulikana aliko, haijumlishiki. Akisema anaishi kwingine, anadai asilolijua. Akisema amefariki, amemzika kwa kinywa chake mwenyewe mbele ya kijana mwenye haraka ya kwenda nyumba ya pili. Akimwacha nje ya hesabu, ni kama hakumzaa. Yamkini karani hakupata kutambua kwamba kule kunyamaza kwa nusu dakika kulikuwa na maana gani.

Kiswahili nacho, pamoja na utajiri wake wa msamiati wa msiba, hakikumwandalia mama huyu kiti. Aliyekufiwa na mume ni mjane, mtoto aliyefiwa na wazazi ni yatima, na yeyote aliyefikwa na kifo ni mfiwa. Kitenzi ‘kupotelewa’ kipo, kimeundwa kwa kauli zile zile zilizozaa ‘kufiwa’, lakini nomino ‘mpotelewa’ haisikiki vinywani mwa watu. Neno ‘mpotevu’ limekwisha kutwaliwa na yule mwana wa kwenye Injili ya Luka aliyeondoka kwa miguu yake mwenyewe akiwa na urithi wake mkononi, kisha akarudi. Si haba kwamba hata huyo baba yake alimwona angali mbali.

Taratibu za kuomboleza zinahitaji hakika. Matanga huwekwa ili yapate kuanuliwa. Arubaini ina siku yake. Hitima ina wasomaji wake. Ukoo ukikutana kuchanga pesa za jeneza, hata mchango wenyewe huwa tiba. Aliyepotelewa hana matanga ya kuweka, kwa hiyo hana ya kuanua. Baadhi ya jamii zimelifikiria jambo hili. Wajaluo, ambao ni wengi katika mitaa ya Eastlands, wana mila ya kuzika tunda la mti wa yago badala ya mwili ambao haukupatikana, ili msiba upate kaburi. Ni mila yenye busara kwa mvuvi aliyezama ziwani mbele ya wenzake. Kwa mtoto aliyeondoka langoni akiwa mzima, nani atathubutu kulichuma tunda hilo? Sheria ya Ushahidi ya Kenya, katika kifungu cha 118A, inaruhusu mtu ambaye habari zake hazijasikika kwa miaka saba achukuliwe kuwa amekufa mpaka ithibitishwe vingine. Kifungu hiki kina manufaa kwa wenye mashamba na akaunti za benki. Mtoto wa miaka mitano hana mirathi ya kugawa, na kwa sababu hiyo wazazi hawana haja ya kukikimbilia mahakamani. Lakini ile miaka saba imepenya katika ndimi za watu kana kwamba ni amri ya kukata tamaa.

Msomi wa Marekani, Pauline Boss, alianza katika miaka ya 1970 kuchunguza familia za wanajeshi waliotoweka katika vita vya Vietnam, na mwaka wa 1999 akatoa kitabu kuhusu aina hii ya msiba usio na hakika. Jambo la maana katika maelezo yake ni kwamba anayeshindwa kuumaliza msiba huo si mgonjwa. Hali yenyewe ndiyo iliyovurugika, na hakuna sababu ya kumlaumu mtu kwa kushindwa kufunga mlango ambao hana ufunguo wake. Maneno haya yangefaa kubandikwa katika ofisi za washauri wote wanaowaambia akina mama ‘wakubali yaishe’.

Watakuwapo watakaosema kuwa huko ni kuwalea watu katika ndoto. Wanauliza: si huruma zaidi kumsaidia mama akubali kwamba mwanawe hayupo tena, ili awatunze waliobaki? Swali hili si la kupuuzwa, na lingekuwa na uzito mkubwa katika jiji ambalo watoto waliopotea huwa wamekufa daima. Nairobi si jiji hilo.

Mwaka wa 2004 polisi waliwachukua kutoka nyumba kadhaa za Nairobi watoto wachanga wapatao 20 waliodaiwa kuzaliwa kwa miujiza kutokana na maombi ya mhubiri Gilbert Deya, aliyekuwa akiishi London. Vipimo vya DNA vilionyesha kwamba hawakuwa na uhusiano wa damu na waliodai kuwazaa. Mkewe, Mary Deya, alipatikana na hatia ya kuiba mtoto mwaka wa 2007. Mhubiri mwenyewe alirejeshwa Kenya mwaka wa 2017, mahakama ikamwachilia mwaka wa 2023 kwa kukosekana kwa ushahidi wa kutosha, naye akafa katika ajali ya barabarani mwaka wa 2025. Magazeti yalijaa habari za mhubiri. Swali lililostahili kurasa zaidi ni jingine: wale watoto, ambao sasa ni watu wazima, ni wa nani? Mahali fulani palikuwa na mama waliotoka hospitali mikono mitupu.

Miaka 16 baadaye, Novemba 2020, kipindi cha Africa Eye cha BBC kilifichua biashara ya watoto katika jiji hilo hilo. Mmoja wa walionaswa alikuwa mfanyakazi wa ustawi wa jamii katika hospitali ya Mama Lucy Kibaki, inayotegemewa na wakazi wa Komarock, Umoja na Kayole. Alikubali kumuuza mtoto aliyekuwa chini ya uangalizi wa hospitali kwa shilingi 300,000, asijue kwamba mnunuzi ni mwandishi wa habari. Mwaka wa 2023 alipatikana na hatia. Kwa wengi ilikuwa kashfa. Kwa waliopotelewa ilikuwa pia ushahidi, wa kutisha na wa kufariji kwa pamoja, kwamba mtoto anaweza kutoweka na akaishi, akiwa na jina jingine, katika nyumba ya watu wengine. Matumaini ya mama wa Komarock basi si wazimu. Yana msingi katika kumbukumbu za mahakama.

Haidhuru kusema pia kwamba ukweli unaweza kuwa wa kinyume. Julai 2021 alikamatwa Masten Wanjala, aliyekiri kuwaua watoto zaidi ya kumi katika sehemu mbalimbali za nchi, wakiwamo wa mitaa ya Eastlands. Oktoba 13 mwaka huo alitoroka katika kituo cha polisi cha Jogoo Road. Siku mbili baadaye umati ulimuua huko Bungoma. Kuna walioshangilia. Lakini kila mzazi ambaye mwanawe hakuwa bado ametajwa alipoteza siku hiyo mtu wa pekee ambaye pengine angeweza kumjibu, na kesi ikafa na mshtakiwa. Mtoto akiwa hai au amekufa, haja ya mzazi ni moja, nayo ni kujua. Ndiyo maana -me- inayotetewa hapa si ya kuahidi kwamba mtoto atarudi. Ni ya kukiri kwamba jambo halijamalizika.

Jumuiya ya Kiswahili ilionjeshwa uchungu huu kwa kipimo kidogo. Aprili 2020 Profesa Ken Walibora alitoweka Nairobi. Alikuwa amegongwa na basi katika Barabara ya Landhies tarehe 10, akafa. Jamaa na marafiki walimtafuta mpaka tarehe 15, alipotambuliwa katika chumba cha maiti cha Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Siku tano. Wanaokumbuka siku hizo wanakumbuka jinsi kila simu ilivyoshtua. Na huyu alikuwa mtu mzima, mtangazaji ambaye sauti yake ilijulikana nchi nzima, mwandishi wa Siku Njema, riwaya ya kijana Kongowea anayesafiri kumtafuta baba yake. Ikiwa mtu huyo aliweza kulala siku tano katika jiji moja na wanaomtafuta bila orodha ya wanaotafutwa kukutana na orodha ya waliopatikana, mtoto asiyejua jina la pili la baba yake atategemea nini?

Hapo ndipo penye kasoro kubwa. Kituo cha polisi kina kitabu chake cha matukio, hospitali ina rejista yake, makao ya watoto yana majina waliyowapa watoto waliookotwa, na vyumba vya maiti vina nambari. Vitabu hivi havizungumzi. Afisa aliyeandika ripoti ya kwanza huhamishwa, na anayemfuata hukuta faili nene isiyomhusu. Hakuna anayeifunga; husahaulika tu. Fauka ya hayo, wazazi wengi wangali wanaamini kwamba ni lazima zipite saa 24 kabla ya kupiga ripoti, jambo ambalo halimo katika sheria na ambalo huzipoteza saa zile zenye thamani kuliko zote. Nambari 116 ya kusaidia watoto hupigwa bila malipo, na tangu mwaka wa 2016 shirika la Missing Child Kenya limekuwa likisambaza picha za waliopotea na waliookotwa. Hiyo ni kazi ya kusifiwa, ila shirika la hiari haliwezi kuwa ghala la kumbukumbu za taifa.

Mfano wa kuigwa upo. Mwaka wa 1977 nchini Argentina, akina nyanya ambao wajukuu wao walinyakuliwa na utawala wa kijeshi walianzisha chama chao, Abuelas de Plaza de Mayo. Hawakuridhika na maandamano. Waliwatafuta wanasayansi, akiwamo Mmarekani Mary-Claire King, ili wajue jinsi damu ya nyanya inavyoweza kumtambulisha mjukuu hata wazazi wakiwa hawapo, na mwaka wa 1987 sheria ikaanzisha hazina ya taifa ya kuhifadhi vinasaba vya familia hizo. Zaidi ya wajukuu 130 wamekwisha kutambuliwa, wengi wakiwa watu wazima wenye watoto wao. Nyanya wengine walikufa kabla ya jibu, lakini damu yao ilikuwa imehifadhiwa, ikiendelea kungoja kwa niaba yao.

Kenya haikosi uwezo huo. Baada ya maiti zaidi ya 400 kufukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kilifi, kuanzia mwaka wa 2023, jamaa walitolewa sampuli za DNA na, ijapokuwa kwa kuchelewa kulikowaumiza, familia za kwanza zilikabidhiwa wapendwa wao Machi 2024. Lililofanyika kwa sababu ya msiba mkubwa uliotazamwa na dunia linaweza kufanyika kwa misiba midogo iliyotawanyika mitaani. Mzazi aliyepiga ripoti achukuliwe sampuli mapema, ihifadhiwe, na ilinganishwe na za watoto walio katika makao na za maiti zisizotambuliwa. Mtoto akitimiza miaka 18, jina lake lisiondolewe kwenye orodha kwa hoja kwamba si mtoto tena. Na faili iwe na afisa anayejulikana kwa jina, ambaye akihamishwa atamkabidhi mwenzake mbele ya familia. Hili la mwisho halihitaji maabara wala bajeti.

Kuna sehemu ndogo inayowaangukia wanafunzi na walimu wa Kiswahili. Mtoto amtafutaye mzazi amepata riwaya inayosomwa vyuoni. Mzazi amtafutaye mtoto angali anangoja yake. Zaidi ya fasihi kuna fomu. Maswali ya sensa huulizwa kwa Kiswahili katika nyumba nyingi za Nairobi, na watu wa fani hii wana haki ya kudai jibu la nne liongezwe baada ya ‘anaishi nawe’, ‘anaishi kwingine’ na ‘amefariki’. Maneno yenyewe si magumu: ‘hajulikani aliko’. Sensa ikifuata desturi yake ya kila miaka kumi, karani atafika tena katika lango lile la Komarock mwaka wa 2029, akiwa na kalamu au kishikwambi, na atauliza ni watoto wangapi.